Ripoti ya mwanasaikolojia kwenye kesi ya uhamiaji Marekani: inabeba nini, inavunjikia wapi

#1 Mzee wa Faili (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Swali hili halikauki kwenye magrupu: "Wakili kasema nitafute tathmini ya kisaikolojia. Mimi si kichaa, ya nini?" Tuliweke hapa mara moja, wenye kulijua waongeze.

Hii si matibabu wala cheti cha wazimu. Ni ushahidi wa kitaalamu. Mwanasaikolojia, daktari wa akili au mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni ya kutibu hukaa na mtu saa mbili hadi tatu, mara nyingi kwa vikao viwili, halafu anaandika ripoti ya kujibu swali la kisheria. Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanahangaikia jina la ugonjwa, na sheria haijauliza jina la ugonjwa.

Inauliza nini basi? Inategemea kesi. Kwenye ombi la hifadhi (fomu I-589) swali ni kama dalili za mtu zinaendana na mateso anayoyasimulia, na kwa nini kumbukumbu zake zina mapengo. Kwenye I-360 ya mtu aliyenyanyaswa na mwenzi wake raia au mwenye grinikadi, swali ni kama palikuwa na kipigo au ukatili uliopitiliza, na ukatili huo si lazima uache kovu: kufichiwa pasipoti, kunyang'anywa simu, kutishwa "nawapigia Uhamiaji sasa hivi". Viza ya U, ya walioathiriwa na uhalifu, inauliza kama madhara ya uhalifu, ya mwili au ya akili, ni makubwa. Msamaha wa makosa kama kukaa bila kibali (I-601 na I-601A) unauliza dhiki iliyopitiliza ya ndugu anayetambuliwa na sheria. Na kwa aliyekaa miaka 10 anayemwomba jaji asiondolewe nchini (EOIR-42B), kipimo kinapanda zaidi: dhiki ya kipekee, isiyo ya kawaida kabisa.

Ripoti moja haiwezi kuvalishwa kesi zote hizo. Kuna wanaouza ripoti za kunakili: jina linabadilishwa, aya zinabaki. Maofisa wanasoma mafaili mengi, aya ikijirudia mara ya tatu wanaitambua.

Ripoti iliyoshiba huwa na kurasa 6 hadi 15. Inasema nani kaiomba, nyaraka gani zilisomwa, vikao vilikuwa lini, lugha ilikuwa ipi na nani alikalimani. Kisha historia, yale mtathmini aliyoyaona kwa macho yake (alilia wapi, alinyamaza wapi, mikono ilikuwaje), hojaji na alama zake, utambuzi, na mwisho maoni. Wasifu wa mtaalamu unaambatanishwa, na anatia sahihi akitamka kwamba anawajibika kisheria akisema uongo.

#2 Dunga

Na mtu ambaye tayari ana mtaalamu anayemtibu kila wiki? Si barua yake inatosha? Hizi tathmini za binafsi zinakula pesa.

#3 Mwanasheria Mdogo

@Dunga barua ya anayetibu ina thamani, ila kazi yake ni nyingine. Inaonyesha tangu lini mtu anahudhuria, dawa gani, hali inaendeleaje. Anayetibu yuko upande wa mgonjwa na hana kazi ya kulinganisha maelezo na nyaraka. Mtathmini hana deni kwa mtu, ndiyo maana neno lake lina uzito mbele ya jaji. Zikiwepo zote mbili ni vizuri, lakini zisiandikwe na mtu mmoja. Na usiwasilishe madaftari ya vikao vya tiba bila wakili kuyasoma. Mle kuna kila neno lililosemwa siku ya hasira.

Bei: binafsi huanzia dola mia kadhaa na kuvuka 2,000, na ya haraka ni zaidi. Za bure zipo. Physicians for Human Rights wana mtandao wa madaktari wanaojitolea, na vyuo vingi vya udaktari vina kliniki za waomba hifadhi. Kwa kawaida ombi hupitia kwa wakili. Kuna pia vituo vya walioteswa, kama Kovler ya Chicago na mpango wa Bellevue pale New York. Foleni ni ndefu.

Kwa hiyo ratiba. Kwa mtu asiye kizuizini, ushahidi wa siku kuu ya kusikilizwa kwa kawaida unatakiwa mahakamani siku 30 kabla, jaji akiamuru vingine fuata yake. Rudi nyuma: wiki mbili hadi nne za kuandika, vikao viwili, kumtafuta mkalimani, foleni ya kliniki. Anza miezi minne kabla. Anayeanza wiki sita kabla ndiye analipa bei ya haraka na kupata ripoti ya kikao kimoja.

Rasimu irudi kwa wakili kabla ya sahihi. Wakili anasahihisha tarehe, majina na mpangilio wa matukio. Maoni ya mtaalamu hayagusi.

#4 MkalimaniOhio

Naongeza panapovunjika ripoti nyingi za watu wetu, yaani lugha. Tangu sheria ya REAL ID ya 2005, jaji anaruhusiwa kumwona mtu si mkweli kwa kupishana kwa maneno hata pasipogusa kiini cha madai. Ripoti ni simulizi nyingine juu ya I-589, kiapo cha maandishi na mahojiano ya awali. Kila simulizi inayoongezeka ni nafasi mpya ya kupishana.

Anza na saa. Kiapo kinasema walikuja saa tatu usiku. Mkalimani wa kwanza kaandika tatu ya usiku kwa Kiingereza, yaani usiku wa manane. Mkalimani wa mwanasaikolojia kageuza sawasawa, kaandika tisa. Wakili wa serikali anasimama: walikuja saa tisa au saa tatu? Mama wa watu haelewi hata anaulizwa nini, kwake ni saa ileile. Na ndugu zetu wa Kongo waliosoma Kifaransa, wengine wanataja saa kwa mtindo wa huko, kwa hiyo mkalimani asikisie. Aulize: giza lilikuwa limeingia? Watoto walikuwa wameshalala?

Pili, ukoo. "Baba mdogo alipigwa risasi mbele yangu." Ikitafsiriwa "baba", na kwenye I-589 baba ameandikwa yu hai Uvira, hapo pana uongo usiokuwepo. Vilevile "dada" ambaye ni mtoto wa baba mkubwa, na "ndugu" anayeweza kuwa yeyote. Itajwe hivi: baba mdogo, mdogo wake baba, aliyemlea.

Tatu, neno "kusikia", hili ndilo hatari kuliko yote. Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia uchungu. Mtu akisema "nasikia kama watu wananifuata" anasema anahisi. Ikitafsiriwa kwa maana ya masikio, mtaalamu ataandika mtu anasikia sauti zisizokuwepo, na utambuzi unahama kutoka kwenye kiwewe kwenda kwenye saikosisi, yaani kupotewa na uhalisia. Ripoti ya namna hiyo inaweza kuua kesi, kwa sababu sasa hata ushahidi wake mwingine unatiliwa shaka.

"Nina mawazo" si kuwa na wazo zuri. Ni kuwaza mpaka usingizi unakimbia, na mara nyingi ndilo jina letu la sonona. "Moyo unaniuma" isimpeleke mtu kwa daktari wa moyo kabla hajaulizwa. "Waliniharibu", "walinifanyia vibaya", "walinishika kwa nguvu": mkalimani atafsiri kama yalivyo, asiyapambe wala kuyafupisha, halafu amwachie mtathmini aulize taratibu wana maana gani. Mkalimani akijitia kujua na kutaja ubakaji kabla mwenyewe hajautaja, ripoti itakuwa na neno ambalo kiapo hakina.

Kwa hiyo mkalimani asiwe mtoto wa mhusika. Mama hatasema mbele ya mwanawe yale yaliyompata. Asiwe mtu wa kanisa moja naye. Na aulizwe mapema: Kiswahili cha wapi? Kiswahili cha Bukavu na cha Lubumbashi si cha Tanga, na mzee wa Fizi huenda akasema yote kwa Kibembe na nusu tu kwa Kiswahili.

#5 Binti Mrima

Asante kaka @MkalimaniOhio, hiyo ya "kusikia" ni ya kuchapishwa na kubandikwa ukutani kila kliniki. Hizo hojaji nazo mtu anajibu vipi? Wengine wanasema ukipata alama nyingi ndiyo umefaulu.

#6 MkalimaniOhio

Dada, hakuna kufaulu. PCL-5, hojaji ya kiwewe, ina maswali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 80, na inauliza juu ya mwezi uliopita tu. Alama 31 hadi 33 kwenda juu zinamwambia mtaalamu achimbe zaidi. Hopkins ina maswali 25, kumi ya wasiwasi na kumi na tano ya sonona, wastani wa 1.75 ndio mstari. PHQ-9, ya sonona, inaishia 27.

Tabu ni kwamba watu wetu wengi hawajazoea kupimiwa uchungu kwa namba. Unamsomea "hata kidogo, kidogo, kiasi, sana, kupita kiasi", anajibu "kupita kiasi" karibu kwa yote, kwa adabu au kwa kuchoka. Jumla inafika 78. Msomaji makini anaona mtu anayekuza mambo. Mtaalamu mzuri haishii kwenye namba. Anauliza: ndoto hiyo ilikuja mara ngapi wiki iliyopita? Ukishtuka unafanya nini? Jibu likiwa "nawasha taa, nakagua mlango, nakaa sebuleni mpaka asubuhi", hilo ndilo linaloingia kwenye ripoti, na lina nguvu kuliko 78.

#7 Dunga

Wakuu tusifichane. Huu uzi si darasa la kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa hadithi ya kutunga? Mtu anakariri dalili, analipa, anapata ripoti.

#8 Mzee wa Faili

@Dunga swali halali. Aliyekariri huja na dalili zote, zote kali, zote tangu siku ya kwanza, na hana siku nzuri hata moja. Aliyeumia kweli mara nyingi anapunguza: anasema yuko sawa, halafu anasimama kila mlango ukigongwa. Mtathmini anatazama kama uso unaendana na maneno, kama hadithi ya kikao cha pili ni ya mtu aliyeishi jambo au ya mtu aliyelisoma, na vipimo vya kubaini uigizaji vipo.

Halafu Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso (1999, ukaboreshwa 2004 na 2022), ina ngazi za maoni: haiendani, inaendana, inaendana sana, ni ya kawaida kwa tukio la namna hiyo, na haiwezi kutokana na jingine. Kwa akili, mtaalamu mwaminifu ni nadra kufika ngazi ya mwisho. Ripoti inayosema "nathibitisha mtu huyu anasema kweli" imejivunja yenyewe, maana ukweli ni kazi ya jaji. Ile isemayo "inaendana sana, na nimezingatia kwamba huzuni yake yaweza pia kutokana na kutengana na watoto, ila ndoto zinahusu chumba kile" ndiyo inayosimama.

Takwimu zinazosambazwa magrupuni nazo zisomwe kwa akili. Utafiti uliochapishwa 2008 wa kesi zilizopitia Physicians for Human Rights ulikuta asilimia 89 walipewa hifadhi, ukilinganisha na 37.5 kitaifa. Wa 2021, 81.6 dhidi ya 42.4. Lakini kesi hizo zilikuwa na wakili tayari, na zilichujwa kabla hazijafika kwa daktari. Ripoti inasaidia, ila si yenyewe iliyozaa tofauti yote.

#9 Mwanasheria Mdogo

Kuna matumizi yanayosahaulika: mwaka mmoja. I-589 inatakiwa ndani ya mwaka tangu kuingia. Aliyechelewa anaweza kuomba udhuru wa hali isiyo ya kawaida, na kanuni inataja wazi ugonjwa mzito au ulemavu wa akili au mwili, pamoja na athari za mateso ya nyuma.

Ripoti isiposema zaidi ya "ana PTSD" (ugonjwa wa kiwewe) hapa haifai kitu. Wakili wa serikali atauliza: alipata kazi ghalani, alipanga nyumba, alipata leseni ya udereva, fomu tu ndiyo ilimshinda? Ripoti lazima ilijibu hilo kabla halijaulizwa: kubeba maboksi usiku hakumlazimishi mtu kukumbuka, I-589 inamlazimisha aandike tukio lenyewe. Kukwepa kumbukumbu ni dalili yenyewe ya ugonjwa. Na itaje tarehe: dalili zilikuwa kali lini, zilipungua lini, alifungua kesi baada ya muda gani. Udhuru unadumu kwa muda wa busara tu. Nafuu ilipatikana mwezi wa pili na fomu ikapelekwa mwezi wa kumi na moja? Jiandae kueleza.

#10 Binti Mrima

Kwenye I-601A nani anapimwa? Naona watu wanampeleka mwombaji mwenyewe.

#11 Mzee wa Faili

Kosa la kila siku hilo. Anayepimwa kwanza ni ndugu anayetambuliwa na sheria, siyo mwombaji. Kwa kosa la kukaa bila kibali, huyo ni mume, mke au mzazi aliye raia au mwenye grinikadi. Watoto hawamo. Mtoto anaingia kwa mlango wa nyuma: si "mtoto atateseka", ni "mama, aliye raia, ataporomoka akimlea peke yake mtoto mwenye ulemavu". Kwenye ile ya miaka 10 mbele ya jaji, mtoto raia anahesabika moja kwa moja. Msichanganye.

Maswali ni mawili na yote yajibiwe: itakuwaje wakitengana, na itakuwaje akimfuata mwenzake kule. Ripoti nyingi zinalia kurasa nane juu ya kutengana, kuhama zinakupa mistari mitatu. Kuhama kunahitaji vitu vya kushikika: dawa anayotumia inapatikana Mwanza au haipatikani, anajua lugha au hajui, nani atamtunza mzazi wake anayebaki Marekani. Huzuni, mapato kushuka, shule ya watoto, Uhamiaji wenyewe wanaviita matokeo ya kawaida. Kimoja peke yake hakifiki; vikijumlishwa vinaweza. Kwa hiyo ripoti inatakiwa ijumlishe, na kila dai liwe na kiambatisho: orodha ya dawa, barua ya mwajiri, taarifa ya shule.

Na I-601A husamehe kukaa bila kibali tu. Ubalozi ukigundua kosa jingine, kama udanganyifu wa zamani kwenye viza, msamaha unafutika na mtu yuko nje tayari. Ripoti nzuri haiokoi hapo.

#12 Dunga

Hofu ya wengi ni hii: nikiandikwa nina ugonjwa wa akili, grinikadi si itakataliwa kwenye kipimo cha afya?

#13 Mwanasheria Mdogo

Jina la ugonjwa pekee halikatazi. Kinachoangaliwa na daktari wa I-693 (fomu ya kipimo hicho cha afya) ni ugonjwa wa mwili au akili ulioambatana na tabia ya kudhuru, kwake au kwa wengine, iliyopo sasa au ya zamani inayoelekea kurudi. Matumizi ya dawa za kulevya yana mlango wake.

Ndiyo maana maneno ya ripoti yapimwe. Jaribio la kujiua na unywaji wa pombe havifichwi, lakini viandikwe kwa tarehe na hali ya sasa: lini, alitibiwa wapi, tangu hapo imekuwaje. "Ana historia ya kujidhuru" pasipo tarehe wala tiba ni kumwachia ofisa ajaze mwenyewe. Mwenye kesi ya kuendesha amelewa amwambie wakili kabla ya kikao.

Pia aulize mapema mipaka ya siri. Mtaalamu anaweza kuwa na wajibu wa kuripoti mtoto anayedhulumiwa au hatari ya mauaji, hata kama ameajiriwa na wakili wako.

#14 Kaka wa Leicester

Kwa tulioko Uingereza kwa ufupi: Itifaki ya Istanbul ni ileile. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kesi ya KV wa Sri Lanka, ilisema daktari anaweza kutoa maoni kama kovu linaendana na mazingira yaliyosimuliwa, si aina ya kifaa tu. Freedom from Torture na Helen Bamber Foundation ndio wanaoaminika. Aliye kizuizini aombe ripoti ya Kanuni ya 35 (ya dalili za mateso) kwa daktari wa huko, asisubiri wakili.

#15 Binti Mrima

La mwisho. Kuna wakimbizi wa Kongo waliotoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania; mmoja ni bibi wa miaka 68, hajui kusoma, yuko Marekani mwaka wa sita na anataka uraia. Mtaalamu wa ustawi wa jamii aliyeandika ripoti yake ya zamani anaweza kujaza N-648, fomu ya kusamehewa mtihani wa Kiingereza na uraia kwa sababu ya ugonjwa?

#16 MkalimaniOhio

Hawezi. N-648 inajazwa na daktari wa tiba, daktari wa osteopathia au mwanasaikolojia wa kliniki tu, mwenye leseni ya Marekani. Ripoti ya zamani apewe huyo kama kumbukumbu.

Njia ya umri haimsaidii bado: kusamehewa Kiingereza kunataka miaka 50 ya umri na 20 ya grinikadi, au 55 na 15. Na umri au kutojua kusoma peke yake si sababu ya N-648. Hapo fomu nyingi zinakataliwa: daktari kaandika "mzee, hakusoma, ana msongo". Inatakiwa hali ya kitabibu iliyodumu au itakayodumu miezi 12 au zaidi, na mnyororo usiokatika: ana PTSD na sonona, umakini haumkai zaidi ya dakika chache, alisomewa maneno matatu na baada ya dakika tano hakumbuki hata moja, kwa hiyo hawezi kujifunza Kiingereza wala maswali ya uraia. Vipimo vya kumbukumbu vichaguliwe visivyotegemea kusoma. Kumpa bibi karatasi achore saa, mtu ambaye hajawahi kushika kalamu, ni kupima shule badala ya ubongo.

Sahihi isizidi siku 180 kabla ya kupeleka N-400, fomu ya kuomba uraia. Mkalimani wa kikao hicho naye ana sehemu yake ya kutia sahihi kwenye fomu, na ikiachwa wazi ofisa atauliza bibi alihojiwa kwa lugha gani.